Sikio Lililonuka Ulanzi

Kofi lilitua sikio la kushoto, dunia ikakatika nusu. Niliiona midomo ya mwalimu wa darasa la pili ikicheza, "Mlevi mdogo wewe!", lakini sauti ilikuja upande mmoja tu, kama anaongea nje ya dirisha. Mwalimu mkuu alikuwa mlangoni. Aliona damu, akaondoka zake.

Nimeyakumbuka juzi stendi ya Makambako. Mtu kaniita, nikageukia kusiko na mtu. Watu wakacheka.

Ngoja nikurudishe nyuma, rafiki yangu, enzi za Mwingereza, kwetu karibu na Mdandu. Masika mianzi michanga inakatwa vichwa, maji yake yanadondokea kwenye mbeta, kipande cha mwanzi tunachokingia. Ndio ulanzi huo. Bibi yangu hakuwa na haraka ya kuonja. "Ulimi una tamaa," alikuwa akisema. "Sikiliza." Basi nabandika sikio kwenye mbeta, ya baridi, imejaa povu. Ulanzi mtamu, wa watoto, umenyamaza. Ukianza kuchacha unanong'ona. Ukikolea, unavuma kama mvua ya mbali juu ya paa la nyasi. Nilishangaa mno, kumbe kinywaji kinasema!

"Huu wa wajomba," namwambia. Bibi anacheka: "Haya, mama masikio."

Asubuhi ile nilisikiliza mbeta zote, nikakimbilia shule bila kunawa. Ilikuwa shule ya misheni, pombe mwiko. Mwalimu alipopita karibu, pua ikamwambia ulanzi. Pua haikukosea. Ila ulanzi ulikuwa shavuni na sikioni, mdomoni haukuwamo. Hakuuliza.

Shule niliishia hapo. Siku moja ya ukungu bibi alijificha shambani kunijaribu, akagonga jembe kwa jiwe nimfuate. Nikaenda siko. Akagonga tena, nikapotea tena. Ndipo nikajua kuwa sikio moja linasikia, lakini yanatakiwa mawili kukuonyesha sauti inatoka wapi. Jambo la ajabu kweli, hata leo nalitafakari. Bibi aliacha kugonga, akaja akanishika mkono.

Bibi hayupo. Ulanzi siku hizi unaletwa kwenye madumu ya plastiki. Nimeyasikiliza kwa hili lililobaki, sikuambulia kitu. Walimu wale wawili wapo bado, vikongwe sasa, nawaona wakienda ibada.

Mwalimu, mdomo wangu ulikuwa mbele yako. Kwa nini hukuunusa? Nawe mkuu, uliiona damu, ulikuwa unawahi wapi? Njooni mnijibu. Mkija, simameni upande wa kulia.