Ngazi za Mawe za Veneranda

Mwaka wa operesheni ya vijiji, watu walipohamishiwa kijiji kipya huku Puge, Veneranda alipewa kiwanja cha mteremko walichokikataa wenzake. Shemeji yake Bernardo akamwambia asijisumbue, kwake kuna chumba nyuma ya ghala. Lakini mjane aliyezoea mlango wake, aende akaombe chumvi kwa mke wa shemeji? Thubutu.

Akajenga chini ya mteremko, akamwita Saidi, fundi mawe wa Tabora mjini. Saidi akaukata ule mteremko nyuma ya nyumba, akapanga kuta mbili za mawe, moja juu ya nyingine kama ngazi, ili udongo usije ukailalia nyumba.

Jioni Veneranda alikaa uani akizitazama, macho yakimlegea. Babu yake alikuwa mpagazi, alibeba pembe za ndovu hadi pwani. Basi aliwaona wapagazi wakishuka zile ngazi mmoja mmoja, mizigo begani, nyayo hazisikiki, wakipita kwenda miomboni. Hakushangaa. Alikunja miguu kuwapisha, wakapita.

Kabla kazi haijaisha, Saidi alitaka nyuma ya mawe zijazwe kokoto, na ukutani yaachwe matundu. Veneranda akakataa. Yeye alijua uwanja mmoja tu, ule wa mama yake wa kupuria uwele: udongo wa kichuguu uliolowanishwa, ukapondwa na wanawake wakiimba mpaka ukang'aa.

"Matundu ni ya nyoka," alisema.

"Na maji yapite wapi, mama?"

"Yatateleza juu. Udongo wa kichuguu haunywi maji."

Saidi akacheka, akakunja kamba yake, akaenda zake. Wanawake wakaja, wakaponda udongo wa kichuguu juu ya ngazi kutwa, ngazi zikawa laini kama sahani.

Mvua ikaja, we acha tu. Maji yakapenya kutoka juu ya mteremko, yakafika nyuma ya mawe, yakakosa njia. Asubuhi ukuta wa chini ulikuwa umetoa tumbo, umeielekea nyumba kama mjamzito anayetafuta pa kukaa. Bernardo akafika na mkokoteni kuchukua vyombo. Akasema si aibu, ni mvua.

Veneranda akamwacha aseme. Akashika mtaimbo, akasimama pembeni mwa lile tumbo, akang'oa jiwe la chini. Kisha la pili, na la tatu. Maji mekundu yakaruka, yakamlowesha mpaka kifuani, yakauzunguka ukuta wa nyumba, yakashika njia ya bondeni. Tumbo likabaki pale pale, ukuta haukuanguka. Bernardo akarudi na mkokoteni mtupu.

Mvua zilipokatika Saidi akapita.

"Shikamoo mama. Naona nyoka wamepata nyumba."

"Marahaba. Si nyoka. Ni wapagazi, waliniomba maji."

Saidi akaitikia kwa kichwa. Veneranda akamwonyesha kokoto zimwagwe wapi, kana kwamba wazo lilikuwa lake tangu mwanzo. Lile tumbo alikataa linyooshwe. Jioni alikaa mbele ya ukuta, akakunja miguu, wapagazi wapite.