Tundu ambalo fundi wa viyoyozi hakuliziba

Amelala kifudifudi sakafuni mwa boti, mkono mmoja umezama hadi begani katika uwazi mwembamba chini ya kitanda, shavu limebanwa kwenye mbao. Tochi ameing'ata kwa meno. Ni saa tatu asubuhi tu, lakini kipimajoto alichokitundika kwenye kitasa cha mlango kinasoma nyuzi thelathini na nane.

"Nahodha, washa," anapaza sauti, na kwa sababu ya ile tochi maneno yanatoka nusunusu.

Pampu inakoroma, inakohoa mara mbili, inanyamaza. Anauchomoa mkono ukiwa umepakaa tope jeusi, anafungua chujio na kulikung'utia kwenye ndoo. Yanadondoka majani ya baharini, kipande cha mfuko wa plastiki na kaa mmoja mdogo ambaye bado yu hai.

"Huyu ndiye aliyekuwa anafaidi baridi peke yake," anasema.

Nahodha anaangua kicheko. Yeye mwenyewe hacheki. Anamnyanyua kaa kwa vidole viwili, anamrushia majini kupitia dirishani, kisha anarudi chini ya kitanda.

Gatini wanamwita Barafu. Jina hilo alibandikwa na makuli zamani, kwa utani, maana mtu anayewatafutia wenzake baridi hushinda amelowa jasho chapachapa. Ana miaka hamsini na sita. Ishirini na tisa kati ya hiyo ameimalizia chini ya vitanda, nyuma ya makabati na kwenye ngama, kule chini kabisa ya boti ambako maji machafu hujikusanya na mtu hawezi hata kukaa kitako.

Kazi hiyo imemwachia alama. Goti la kushoto halikunji sawasawa. Vidole viwili vya mkono wa kulia vimekufa ganzi tangu siku gesi ilipofyatuka kwenye mpira na kumbabua. Akipanda ngazi ya gati hupumzika katikati, na husingizia kwamba anaangalia boti.

Kiyoyozi cha boti, anaeleza, hakina undugu na kile cha nyumbani. Cha nyumbani hutupa joto nje, hewani. Cha boti hulitupa baharini: pampu huvuta maji ya chumvi kutoka chini ya boti, maji yakazunguka kwenye mirija na kubeba joto, kisha yakarudi yalikotoka. Chumvi nayo haina huruma. Inatafuna mirija, inatafuna nyaya, inatafuna hata bisibisi zake.

Kabla hajamaliza kusafisha chujio, tajiri wa boti anaingia. Ni mfanyabiashara mwenye boti mbili za kukodisha kwa wageni, na leo ana haraka.

"Fundi, hiki kizee king'oe. Niwekee kikubwa kuliko vyote vilivyopo dukani. Nataka wageni wangu watetemeke."

"Ukiweka kikubwa mno, kitapoza chumba dakika tano kisha kitazima. Joto litakuwa limeondoka lakini unyevu umebaki. Miezi miwili tu, magodoro yataanza kunuka."

"Basi weka kidogo."

"Kidogo nacho kitahema kutwa kucha mpaka kife. Kiyoyozi si shati, tajiri, kwamba likikuzidi unakunja mikono."

Anatoa futi. Anapima urefu wa chumba, upana, kimo. Anahesabu madirisha, anauliza wanalala watu wangapi, anauliza kama boti huegeshwa juani au kivulini. Yote hayo anayaandika kwenye kiganja kwa kalamu ya wino. Halafu anapiga magoti mbele ya ukuta wa mbao unaotenganisha chumba hicho na chumba cha injini, na kuanza kuupapasa taratibu kutoka juu kwenda chini, pale nyaya na mipira inapopita.

Tajiri anatazama saa yake. "Hapo unatafuta nini sasa?"

"Nikikuta nitakwambia."

"Nina wageni saa nane mchana!"

"Watasubiri."

Inamchukua dakika arobaini kumaliza ukuta ule. Hakuna fundi mwingine gatini anayefanya hivyo, na ndiyo maana kazi zinamkimbia. Zamani alikuwa na kazi nne au tano kwa wiki. Siku hizi akipata mbili anashukuru. Mwaka jana alikataa kazi kumi na moja kwa sababu wenye boti hawakumruhusu afungue sakafu. Mafundi vijana huingia asubuhi, wakatoka saa sita, na chumba kikawa baridi.

"Wanasema nimezeeka, nina wasiwasi," anamwambia mwandishi wa habari hii baadaye, akiwa ameketi juu ya sanduku lake la vifaa na kikombe cha chai kinachopoa mkononi. "Waache waseme. Sababu wanaijua watu wanne tu. Sasa na wewe unakuwa wa tano."

Miaka tisa iliyopita aliitwa kufunga kiyoyozi kwenye boti ya mizigo. Aliyemtafutia kazi hiyo ni mdogo wake wa tumbo moja, baharia wa boti ile ile. Walikuwa wawili tu kwa mama yao. Mdogo alikuwa mtu wa maneno mengi, mwenye kuimba vibaya na kujua kwamba anaimba vibaya, na kila alipomwona kaka yake akitoka ngamani alimpigia saluti kama mwanajeshi.

Chumba cha mabaharia kilipakana na chumba cha injini. Barafu aliweka kiyoyozi chini ya kitanda, na ili kupitisha nyaya na mpira wa maji alitoboa ukuta. Tundu lilikuwa na ukubwa wa ngumi. Ilikuwa Alhamisi, jua limekwisha kuinama, na silikoni ya kuzibia ilikuwa imemwishia.

"Nikamwambia mdogo wangu, Jumamosi nakuja kuziba. Akaniambia, kaka, baridi tumeshapata, ziba hata mwakani."

Jumamosi aliitwa kwenye boti kubwa zaidi. Akaenda huko. Jumatatu akasahau.

Hapa fundi huyu anaeleza kwa sauti ya mtu anayefundisha kazi. Kiyoyozi hakileti hewa mpya. Huvuta ile iliyopo karibu nacho, kikaipoza na kuirudisha chumbani. Kama karibu nacho pana tundu linalofika kwenye injini, kitavuta hewa ya injini. Na kama bomba la moshi la jenereta limepasuka, kitavuta sumu isiyo na rangi wala harufu, kikampulizia mtu usoni ikiwa baridi safi.

Jumanne, baada ya chakula cha mchana, boti ikiwa imefungwa gatini na jenereta inanguruma, mdogo wake alisema anakwenda kujinyoosha kidogo. Saa kumi nahodha alimgongea mlango. Hakuitika. Walimkuta amelala ubavu, kiganja chini ya shavu, na uso wake una wekundu wa mtu mwenye afya.

Alikuwa na miaka thelathini na nane. Aliacha mke na binti wa miaka kumi na miwili.

Wakaguzi walikuja. Walikuta ufa kwenye bomba la moshi, na aliyekuwa akitunza injini akafukuzwa kazi. Katika ripoti yao kulikuwa na mstari mmoja uliosema kwamba tundu la kupitishia nyaya halikuwa limezibwa. Hakuna aliyeuliza limetobolewa na nani.

"Nami sikusema," anasema Barafu. "Nilishika jeneza upande wa kichwa. Watu wakanipa pole, nikazipokea zote."

Mama yao alifariki miaka minne baadaye bila kuambiwa. Yule fundi wa injini alihama na familia yake. Barafu amemuulizia kwenye gati tatu, na mpaka leo hajampata.

Shemeji yake, mjane wa marehemu, ni karani wa shule. Kwa miaka yote hiyo Barafu alikuwa akienda kwake kila mwisho wa mwezi: atengeneze bomba linalovuja, abadilishe taa, ampelekee mtoto madaftari. Majirani walimsifu. Binti alimwita baba mkubwa na kumkimbilia mlangoni.

"Kila akinikimbilia nilitamani ardhi inimeze," anasema. "Lakini mwezi ukiisha, naenda tena."

Kilichomvunja ni boti nyingine kabisa. Mwezi wa tatu mwaka huu aliitwa kurekebisha kiyoyozi kilichofungwa na fundi mwingine, akafungua mbao za chini ya kitanda, na tundu likawa linamtazama. Ukubwa ule ule. Alipomweleza mwenye boti, yule bwana aliinua mabega na kusema, "Si tundu dogo tu, mzee?"

Aliliziba papo hapo, bila kuambiwa. Kisha akafunga sanduku lake, akapita nyumbani kwake bila kuingia, akaenda moja kwa moja kwa shemeji yake.

Ilikuwa Jumapili alasiri. Shemeji alikuwa sebuleni anapiga pasi sare za wiki, redio ikizungumza kwa sauti ya chini. Barafu hakukaa. Alisimama karibu na mlango na kueleza yote, tangu ile Alhamisi. Pasi haikusimama. Ilikwenda na kurudi juu ya sketi ile ile.

Alipomaliza, shemeji aliuliza swali moja.

"Kuliziba kungekuchukua muda gani?"

"Dakika kumi."

"Dakika kumi." Aliisimamisha pasi, akachomoa waya ukutani, akaanza kuuzungusha kwenye mpini. "Miaka tisa unanitengenezea mabomba, shemeji. Mimi nikikupikia chai. Nikikwambia Mungu akulipe."

"Nisamehe, shemeji."

"Nenda nyumbani. Usije mpaka nikuite."

Hakumwita. Mwisho wa mwezi ulifika, ukapita. Barafu alivaa shati lake la kutembelea, akakaa kitandani, akalivua. Mkewe, ambaye naye alikuwa ameambiwa Jumapili ile ile, alimuuliza kama anataka aende yeye kumsemea.

"Nilimwambia usiende. Utamsemea nini? Kila neno nililokuwa nalo nilikwisha kulisema, na yote ya kweli, na hakuna hata moja lililosaidia."

Ilipita miezi mitano. Alipungua mpaka mkewe akampunguzia kiuno cha suruali. Kazini alianza kurudia kukagua kuta alizokwisha kuzikagua. Wiki moja alirudi kwenye boti ile ile mara tatu, mpaka nahodha akamuuliza kwa upole kama nyumbani kwake ni salama.

Wiki mbili zilizopita simu yake ililia ujumbe. Jina lilikuwa la shemeji. Barafu anautoa ujumbe huo na kuuonyesha. Hauna salamu.

"Mtoto amepata kazi ya upishi kwenye boti ya abiria. Atakuwa analala humo. Kaikague."

Binti huyo sasa ana miaka ishirini na mmoja. Alimpigia baba yake mkubwa jioni hiyo hiyo, na kwa mara ya kwanza hakuanza na utani.

"Mama kaniambia," alisema.

"Kakwambia yote?"

"Yote. Kasema nisipande mpaka wewe uione."

"Na wewe mwanangu unasemaje?"

"Mimi nataka kazi, baba mkubwa. Nimetafuta miaka miwili. Mengine sijui bado. Nikijua nitakwambia."

Jibu hilo, anasema Barafu, amelibeba kama alivyopewa. Hajaongeza kitu wala hajapunguza.

Nahodha wa boti ya abiria alikataa mara mbili kufunguliwa sakafu. Mara ya tatu fundi alimsubiri mlangoni mwa ofisi ya gati kuanzia asubuhi, akamweleza habari za mdogo wake, hapo mlangoni, watu wakipita na mizigo. Nahodha alimsikiliza mpaka mwisho. Akampa Alhamisi ijayo, baada ya abiria kushuka, mpaka jua kuzama.

Kwa hiyo Barafu ana siku yake. Amekwisha kununua king'ora kidogo kinacholia hewa ikichafuka, cha kupachika ukutani juu ya kitanda cha binti. Ameazima kioo chenye mpini mrefu cha kutazamia nyuma ya jenereta, kwa sababu goti halitamruhusu kufika kote. Atafungua mbao zote, si za chumba kimoja tu. Akikuta ufa atausema kwa nahodha na kuuandika. Akikatazwa kuutengeneza, atamwambia binti asipande, hata kama binti atamchukia kwa hilo.

"Na kama kila kitu ni kizima?" mwandishi anamuuliza.

Barafu anamwaga chai iliyobaki, ambayo imeshapoa kabisa.

"Nitawaomba wawashe jenereta na kiyoyozi. King'ora nitakitundika juu yangu, na nahodha nitamwomba akae mlangoni. Nitalala kwenye kitanda chake saa mbili nzima, huku nimefunga mlango. Nikiamka nitampigia simu mama yake, nimwambie mtoto anaweza kulala pale." Anakipangusa kikombe. "Hajapokea simu yangu tangu mwezi wa tatu. Natumaini siku hiyo atapokea."