Nusu dakika ya Ochi

Leo nimemdanganya mama wa marehemu.

Albamu yetu ya jazz imetoka, mnajua. Wimbo mmoja nilimtungia Ochi, mpiga tarumbeta wetu tuliyemzika mwaka jana. Pale angepiga solo, bendi nzima inanyamaza nusu dakika. Hiyo ni yake.

Asubuhi nikachukua CD tao, katikati ya jiji, mbio hadi Dagoretti kwa mamake. Nilikuwa nimemwahidi hiyo nusu dakika.

Tukaweka. Akafunga macho.

Bendi haikunyamaza! Fundi wa studio alidhani kile kimya ni kosa, akakikata. Bila kuniuliza!

Wimbo ukaisha.

“Kwani imeshapita?”

“Imepita, Mama.”

“Basi rudisha nyuma. Sijamsikia.”

Jameni, nyinyi mngefanya nini? Mimi nilirudisha mara tatu.