Keki ya Jina Lisilotajwa

Mtu wa Usalama aliingia nyumbani kwetu, akakaa mezani, akaomba keki.

Akapewa. Akala. Akasifia.

Kisha akauliza swali moja ambalo jibu lake lilikuwa kitanzi shingoni mwa baba yangu.

Naitwa Kinga. Mimi ni bibi kizee sasa, naongea tu, mjukuu wangu ndiye anayechapa. Mkiona chumvi imezidi, mlaumuni yeye.

Ilikuwa mwaka 1951, nina miaka kumi na miwili. Tuliishi mji mdogo chini ya milima, magharibi ya Poland. Kabla ya vita ulikuwa wa Wajerumani. Wao wakaondolewa, tukaletwa sisi, mpaka makopo ya jikoni yalikuwa bado yameandikwa chumvi na sukari kwa Kijerumani. Kila mtu pale alikuwa wa kuja. Hakuna aliyejua mwenzake ametokea wapi.

Baba alipapenda kwa sababu hiyohiyo.

Kazini, kiwanda cha mbao, walimwita Walenty Bielak. Jina alilobatizwa ni Ksawery.

Mjerumani alipotukalia, baba alikuwa msituni na jeshi la siri. Babu, mzazi wa mama, alipigwa risasi ukutani mchana kweupe, watu wakalazimishwa kutazama. Mjomba alipelekwa kambini, hakurudi hata kifungo cha koti. Basi Mjerumani akashindwa, akaondoka. Tukapumua?

Thubutu!

Wakaja wakomunisti, wakaanza kuwasaka walewale waliopigana na Mjerumani, kosa lao hawakupigana chini ya bendera nyekundu. Wenzake baba wakaambiwa jitokezeni, mtasamehewa. Waliojitokeza wengine walinyongwa. Tuliruka majivu, tukakanyaga moto.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penye shughuli.

Kwetu mtu mzima hahangaiki na siku ya kuzaliwa. Anasherehekea siku ya jina lake. Kila tarehe kwenye kalenda ina mtakatifu wake, na siku ya mtakatifu wako majirani wanakuja na maua, unawakatia keki, mnakunywa kidogo. Asiyesherehekewa jina lake ni kama hayupo duniani.

Walenty ni Februari. Tulisherehekea milango wazi, majirani wakaimba.

Lakini kila tarehe tatu Desemba, siku ya Ksawery, mama alifunga mapazia, akasaga mbegu nyeusi za mpopi na kuoka keki ya kuviringisha.

"Regina, utaniua na hizo mbegu zako," baba alikuwa akimwambia.

"Mjerumani alininyang'anya baba yangu," mama alijibu. "Hawa wamekunyang'anya jina. Siku moja kwa mwaka nitakuita jina lako, na wewe utakula keki yako. Basi."

Baba alivuta sahani. Alikula.

Ghorofa iliyo juu yetu aliishi Bi Eufemia, mjane. Huyo tulimwogopa kuliko mbwa wa polisi. Hakuna aliyepanda ngazi asimwone kachungulia. Slipa zake zilikuwa hazitoi sauti, unageuka tu, huyu hapa nyuma yako. Mtaa mzima ulijua anapeleka habari.

"Ukikutana naye msalimie, kisha funga mdomo," mama alinifundisha.

Basi, siku ya Ksawery ile, jioni inaingia, keki iko mezani, mama ndiyo kwanza amemnong'oneza baba, "Ksawery wangu, heri ya jina lako," mlango ukagongwa.

Kistaarabu kabisa. Kama mgeni.

Waliingia wawili. Mmoja kijana mwenye koti refu. Mwingine mnene, mpole, mashavu mekundu kwa baridi. Yule mpole ndiye aliyekuwa mkubwa. Akavua kofia, akanusa.

"Duh! Raia Bielak, mnajua kuishi. Nikatieni na mimi."

Mama akamkatia kipande, kisu kikagonga sahani. Nilibana miguu nisijikojolee mbele za watu.

Akala taratibu. Akalamba kidole. Halafu akaangalia kalenda ukutani.

"Jumatatu," akasema. "Majilio yameanza jana tu, wakatoliki wema wanajinyima hadi Krismasi. Na hapa kuna keki. Sikukuu ya nani?"

"Hakuna sikukuu, bwana," mama akasema. "Ni keki tu."

"Keki tu." Akasogelea kalenda, akasoma. "Ksawery. Jina zuri. Hapa nani Ksawery?"

Baba alikuwa mweupe kama unga.

"Mama, nikwambie siri yangu ya kazi," yule mnene akaendelea, anatabasamu. "Mimi sitafuti watu kwa bunduki. Mwanaume atabadili jina, atafuga masharubu, atahamia mji wa mbali. Mkewe je? Hawezi kuacha kumwokea. Kwa hiyo mimi natembea na kalenda. Wenzangu wananicheka, lakini nimeshakula keki nyingi sana."

Akanigeukia.

"Binti, njoo hapa. Usiogope. Mama akiwa peke yake na baba anamwitaje?"

Jamani. Jina lilikuwa limejaa mdomoni, nikifungua tu, linaanguka.

"Anamwita... 'we baba.'"

Yule kijana akacheka. "Kama mke wangu, mkuu!"

Mkubwa hakucheka.

"Raia Bielak, vaa koti," akasema.

Baba akainuka. Mama akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena kwa binadamu. Nikajua tumekwisha.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Bi Eufemia, na slipa zake, kitambaa cheusi kichwani.

Nikawaza, huyo, amekuja kushangilia.

"Regina! Unakata keki ya marehemu kabla sijashuka? Adabu yako iko wapi?"

"Marehemu yupi?" mkubwa akauliza.

"Mume wangu, yupi mwingine? Ksawery wangu, Wajerumani walimchukua mwaka arobaini na tatu. Jiko langu halioki, kila mwaka huyu jirani ananiokea. Na wewe nani kakwambia ule cha kwanza? Cha kwanza ni cha mjane!"

Akakaa, akalia. Machozi ya kweli, si ya maigizo. Yule kijana akavua kofia.

Mkubwa akamgeukia. Akasema polepole, mbele yetu sote:

"Bi Eufemia, wewe ni mtu wetu. Miaka yote unaniletea habari za nyumba hii. Hili hukuwahi kuniambia."

Kumbe kweli!

"Uliniuliza habari za walio hai," akamjibu huku anafuta pua. "Za marehemu hukuniuliza."

Mkubwa akavaa kofia yake. "Nitaangalia kwenye jalada," akasema, wakatoka.

Buti zilipoisha ngazini, mama akamwangukia miguuni. Bi Eufemia akamwinua kwa hasira.

"Hakuna muda wa kulia. Mume wangu aliitwa Zenon. Jalada lake wanalo, kesho watasoma jina hilo." Akamgeukia baba. "Na wewe, sijui nikuite nani, una usiku huu tu. Pitia kwenye stoo ya makaa."

Baba akanikumbatia. Akatia mkate kwenye koti, akazama gizani. Sikumwona tena hadi mwaka hamsini na sita, upepo ulipogeuka, wafungwa wakaanza kuachiwa, naye akatoka mafichoni.

Kesho yake waliwachukua wanawake wote wawili. Mama alirudi theluji ilipoyeyuka, hana meno ya mbele, hajataja hata jina moja. Mimi nilikuwa kwa masista, kila usiku nikiota kalenda.

Bi Eufemia walimweka ndani miaka. Aliporudi, nywele nyeupe, miguu imevimba, mama alipanda ngazi zile, mimi nyuma yake.

"Ulijua lini?" mama akamuuliza.

"Mwaka wa kwanza. Mnasaga mpopi tarehe tatu Desemba, na nyumbani hakuna Ksawery. Mimi si mtoto. Wale jamaa walinibana niwaletee habari zenu, nikawa nawaambia mnagombana kutwa kucha. Watu wanaogombana hawana muda wa siasa."

"Lakini kwa nini ulishuka? Ungebaki juu, hakuna ambaye angekulaumu."

Bi Eufemia akakanda magoti.

"Siku Wajerumani walipomchukua Zenon, kule tulikokaa zamani, walimburuta ngazi zote. Nilikuwa nasikia majirani wanageuza funguo, mlango mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyetoka. Mpaka leo sisikii risasi ndotoni, nasikia funguo."

Mama akamshika mkono, wakakaa hivyohivyo mpaka giza likaingia.

Wanangu mnaosoma huko mliko, wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na sisi tuliishi kwa methali hiyo miaka mingi, tukimkwepa yule mama ngazini. Siwaambii muache kuogopa. Woga ulituweka hai. Ila aliyetuokoa naye alikuwa humohumo nguoni, na kwa woga wetu tulimwacha akae peke yake miaka yote hiyo.