Piza ya Mposaji

Kila ninapozunguka Lilongwe na wenzangu wa kazini tukitafuta piza inayozishinda nyingine zote, harufu ya jibini iliyoungua pembeni hunirudisha katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, kwenye mkeka wa mama yangu mjane.

Jioni ile, fundi cherehani aliyetaka kumwoa alirejea kutoka mjini na boksi pana. Ndani mlikuwa na mkate bapa uliokwisha kupoa, jibini yake imeganda kama nta. Mdogo wangu nami tulimeza mate, lakini mama hakunyoosha mkono. Kwetu Fizi, aletaye chakula huonja kwanza, na mama aliamini kuwa baba yetu alikufa kwa kupuuza desturi hiyo.

“Onja, papa.”

Fundi akacheka, akala kipande.

“Na huku.”

“Mama batoto, we unaniogopa?”

“Mi siogope weye. Naogopa mikono yenye ilipika. Onja na pale katikati.”

Alionja kila upande, nasi tukimtazama koo, hadi kikabaki kipande kimoja. Mama alikimega, akala nusu yeye mwenyewe, na nusu akaifunika kwa sahani. Tulilala bila kuigusa.

Asubuhi mama aliamka mzima, lakini hilo halikumtosha. Alinituma kwanza nikamchungulie fundi. Niliporudi na kusema yuko mashineni anashona, alifunua sahani, akatugawia.

“Sasa rudi,” akaniambia, “umwite akunywe chai.”