Hodi Iliyoniponza Leo

Leo nimeliwa na zimwi sebuleni kwangu, hapa Igurwa.

Msicheke. Hili jambo ni zito.

Mjukuu wangu Advera amekuja na kompyuta na ujumbe wa wanangu: eti akili yangu imechoka, nikaishi nao Mwanza. Na migomba yangu nimwachie nani?

Nikamwambia, nipime basi.

Akawasha mchezo wa kutisha. Uko ndani ya nyumba, zimwi linazurura, silaha huna. Ni kunyata na kufumbua mafumbo tu.

"Ukitoka salama, babu, unabaki. Ukiliwa, Jumapili tunaondoka wote. Na usitoe sauti, hii kompyuta inakusikia, na zimwi linasikia."

Nikamcheka! Vita ya Kagera ilinikuta ng'ambo ya mto. Nililala kwenye migomba, askari wa adui wakapita karibu na kichwa changu. Sikupumua.

Na kweli niliweza. Nilijificha kabatini, nikapata ufunguo, nikapanga picha za ukutani hadi mlango ukafunguka. Advera akaanza kuninunia.

Kikabaki chumba kimoja. Mlango uko wazi kidogo.

Nikakohoa. Nikasema, "Hodi wenyewe!"

Zimwi likaja mbio.

"Babu! Unalipigia hodi zimwi?"

Jamani, sijawahi kuingia nyumba ya mtu kimyakimya, mimi si mwizi.

Mnaonifahamu, wapigieni simu wanangu. Waulizeni: huyu amezeeka, au amelelewa?

Fanyeni haraka. Advera ameshaanza kukunja mablanketi yangu.