Wageni wa Mama Tahadhari

Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho cha kazi, na huko ndiko lilikobaki. Sisi wote tulimwita Mama Tahadhari, naye aliitika bila kinyongo. Alikuwa katibu wa taasisi yetu. Meza yake na yangu zilitazamana, katikati yetu dirisha, na ng'ambo ya barabara, bahari. Aliiangalia ile bahari kama mtu anavyomwangalia mbwa wa jirani: kwa heshima, na kwa mbali.

Akimaliza kuchemsha maji ya chai, alichomoa waya wa birika, akatoka, kisha akarudi kuhakikisha kwamba ameuchomoa. Kwenye korido alipita upande wa kushoto tu, kwa sababu upande wa kulia kulikuwa na ubao wa dari ambao, kwa maneno yake, "haujatulia." Ubao wenyewe ulikuwa vile tangu kabla sisi hatujaajiriwa.

Huyo ndiye mtu ambaye Mkurugenzi wetu alimkabidhi kazi ya kuwaandaa wageni.

Ulikuwa mkutano wa wanazuoni wa udongo. Wengi wao walitoka nchi zilizo mbali na bahari, watu waliotumia maisha yao wakiinamia mashamba. Mkurugenzi aliutaka mkutano huo kwa udi na uvumba, lakini alikuwa na donda moja moyoni. Mikutano yetu yote iliyotangulia ilianza na ukumbi uliojaa asubuhi, na ikifika alasiri wasomi wameyeyuka kama barafu. Ukitaka kuwapata, ulivuka barabara ukawakuta wamekunja suruali hadi magotini.

"Waandikie maelekezo kidogo," alimwambia Mama Tahadhari, amesimama mlangoni na simu sikioni. "Hali ya hewa, nguo, usafiri. Ukurasa mmoja unatosha."

"Na usalama, bosi?"

"Eh, na usalama," alijibu, akaendelea na simu yake.

Neno hilo ndilo lililotuponza.

Ule ukurasa mmoja Mama Tahadhari alikwenda nao nyumbani, na huko ukapata wasaidizi. Mumewe ni fundi wa majokofu. Alisikia habari za wageni, akaweka kijiko chini.

"Waambie wasiguse barafu ya hotelini," alisema. "Mimi nimeyafungua yale majokofu, mke wangu. Niliyoyaona humo sitayasema mbele ya mama."

Mama mwenyewe, yaani mama mkwe wa Mama Tahadhari, alikuwa amekaa palepale. "Mwanangu, usisahau feni," aliongeza. "Isiwapulize kichwani wakilala. Mtu anaamka shingo imegeukia mgongoni."

Binti yao, aliyekuwa sekondari, akasema wageni wasimjibu mtu yeyote anayewaita "rafiki yangu" barabarani. Mama Tahadhari akaandika yote. Kisha akaongeza ya kwake: kunguru wanaonyakua chakula mkononi, minazi inayoangusha nazi bila hodi, jua la adhuhuri, mawimbi, mkondo, miiba ya baharini, na viumbe vinavyowasha ambavyo ukivikanyaga utaimba nyimbo usizozijua. Kila mgeni aje na kofia pana, viatu vya kufunika vidole, na filimbi ya kuvaa shingoni kwa ajili ya kuomba msaada.

Maelekezo yalipomaliza kutoka kwenye mashine ya kuchapa, nilidhani ni tasnifu ya mtu. Mkurugenzi aliyapima uzito mkononi, akafunua ukurasa wa kwanza uliokuwa na salamu, akasema, "Nimepitia. Safi kabisa. Watumie."

Baada ya hapo barua pepe zikaanza kumiminika. Profesa mmoja aliuliza kama filimbi iwe ya chuma au ya plastiki. Mwingine alitaka kujua kunguru hushambulia saa ngapi. Wa tatu alikuwa na kipara, akaomba ushauri wa pekee kuhusu nazi. Mama Tahadhari aliwajibu wote kwa upole na kwa ukamilifu, na kila jibu lilizaa hofu mpya.

"Unawatisha," nilimwambia.

"Nawaandaa," alinijibu bila kuinua macho. "Aliyetishika hajambo kuliko aliyeumia."

Siku ya kuwapokea nilikwenda naye uwanja wa ndege. Mlango ukafunguka, wakatoka. Nilijiuma ulimi nisicheke. Kofia zilikuwa pana kama sinia, mikono mirefu imefungwa vifungo hadi shingoni, viatu vya shambani, na kwenye kila kifua filimbi inaning'inia. Walitembea wameshikamana, wakitazama juu. Palepale nje dereva wa teksi akawaambia, "Karibuni, rafiki zangu!" na msafara mzima ukasimama ghafla, kimya, mabegi yamekumbatiwa.

Miongoni mwao alikuwepo profesa mmoja wa umri mkubwa, mwembamba, mwenye vidole vigumu vya mkulima. Wenzake walimwita Bibi Udongo, na ilionekana ameshawafundisha karibu wote. Alimsogelea Mama Tahadhari, akamshika mikono yote miwili.

"Wewe ndiye uliyeandika?"

"Ndiye mimi, mama."

"Nimekusoma mara mbili. Hakuna aliyewahi kunihurumia hivyo tangu mume wangu afariki."

Mama Tahadhari alivimba kwa furaha hadi nikaogopa vifungo vya blauzi yake.

Mkutano ukaanza, na hapo ndipo Mkurugenzi alipoona maajabu. Asubuhi ukumbi ulijaa. Alasiri ukumbi ulijaa. Mhadhara wa chumvi katika udongo wa mfinyanzi, uliotolewa baada ya chakula cha mchana na bwana mwenye sauti kama ya mtu anayesoma bei za sabuni, ulisikilizwa hadi mwisho na hakuna kiti kilichobaki wazi. Hakuna aliyethubutu kutoka. Wakati wa chai walikunywa ndani, madirisha yamefungwa, kwa ajili ya kunguru.

Mkurugenzi alitembea kwenye korido kama bwana harusi. "Huyu mama ni hazina," alinong'ona. "Hazina!"

Lakini hazina yenyewe ilianza kukosa raha. Siku ya mwisho, wakati wa mapumziko ya mchana, nilimkuta amesimama nyuma ya Bibi Udongo, ambaye alikuwa amebandika paji la uso kwenye kioo cha dirisha, anatazama ng'ambo ya barabara. Watoto walikuwa wanacheza majini, wanapiga kelele.

"Binti yangu," Bibi Udongo alisema bila kugeuka, "wale watoto hawajasoma maelekezo?"

"Hawajasoma, mama."

"Mimi ndiyo mara yangu ya kwanza kuiona bahari. Nimefundisha miaka yangu yote kwamba mito inabeba udongo wetu kuupeleka baharini. Nilitaka niione inakofika." Akakifuta kioo kwa kiganja. "Hakuna saa ambayo ni salama hata kidogo? Hata ya kugusa tu?"

Mama Tahadhari aliyatazama mawimbi, kisha wale watoto. Niliona uso wake ukibadilika. Baadaye aliniambia kwamba alijisikia kama mtu aliyemkaribisha mgeni chakula kisha akakaa juu ya sufuria.

"Ipo, mama," alisema. "Sasa hivi maji yametulia. Twende nikushike mkono."

Walitoka wawili. Lakini Bibi Udongo alipovuka mlango, wanafunzi wake wa zamani wakamwona, wakainuka kumfuata. Wengine wakawaona hao, wakainuka pia. Nilibaki mlangoni nikitazama wasomi wa nchi kadhaa wakivuka barabara mmoja nyuma ya mwingine kama watoto wa chekechea, na Mama Tahadhari mbele amenyoosha mkono kuzuia magari.

Kilichofuata nilikiona kupitia dirishani. Aliwapanga ufukweni. Akavua viatu vyake, jambo ambalo sikuwahi kuliota, akaingia yeye kwanza, gauni limekamatwa kwa mkono mmoja, macho yamefumbwa. Wimbi dogo, dogo kabisa, likampiga kwenye vifundo vya miguu. Alipiga ukelele, na kwa kuwa wageni walidhani ni ishara, wote wakapuliza filimbi kwa pamoja. Watu wa ufukweni walikimbia kutoka kila upande. Muda si muda profesa wa kipara alikuwa ndani hadi kiunoni, na Bibi Udongo ameketi kabisa kwenye maji na viatu vyake vya shambani, anacheka peke yake.

Wakati huohuo gari la mgeni rasmi, aliyekuja kufunga mkutano, likaingia getini.

Sherehe ya kufunga mkutano ilianza na mgeni rasmi, Mkurugenzi, mimi, na wakalimani wawili ndani ya kibanda chao cha vioo, wakitafsiri salamu kwa viti vitupu. Mkurugenzi alitokwa na jasho jembamba. Alisoma shukrani zote, akazirudia, akaanza kueleza historia ya jengo.

Mlango ukafunguka. Waliingia wakichuruzika maji, viatu vinalia chwaka chwaka kwenye zulia jipya, wakakaa kimya kwenye nafasi zao. Mama Tahadhari alibaki mlangoni, nywele zimemlala, hana pa kuweka uso.

Bibi Udongo akaomba kipaza sauti. "Mheshimiwa, tunaomba radhi. Tulikuwa kwenye utafiti wa mchanga."

"Aa," mgeni rasmi alisema kwa uzito, akachukua kalamu. "Na mchanga wetu una matatizo gani?"

"Hauna hata moja, mheshimiwa. Ila unatekenya."

Mgeni rasmi alicheka hadi akaishika meza, na ukumbi mzima ukavunjika mbavu pamoja naye, hata bwana wa chumvi.

Jumatatu Mkurugenzi alimwita Mama Tahadhari ofisini. Alimkaripia kuhusu zulia kwa muda mrefu, kisha kwa sauti ya mtu anayetafuna ndimu akamwambia kwamba wanazuoni wamekubaliana kurudi hapahapa mwaka ujao, kwa sharti moja, kwamba yeye ndiye awapokee.

Siku hizi Jumamosi humkosi ufukweni. Anaingia hadi magotini, mumewe anaingia hadi kifuani kujionyesha, na binti yao anakana kuwafahamu. Mama mkwe huja pia. Huketi kwenye kiti mbali kidogo, ameyapa maji mgongo, kwa sababu anasema siku wakizama hataki kuitwa shahidi.